Kikulacho ki Nguoni Mwako

Juma lililopita tulipokea barua ya msomaji wetu mmoja, mtu wa makamo, mnunuzi wa mwani na dagaa, ambaye kazi yake humlazimu kupita pwani baada ya pwani akiwa na fedha taslimu kibindoni. Barua yenyewe haikuwa ndefu. Ametueleza kwamba anayo tayari bastola moja aliyoipata kwa kibali halali, nayo huiweka dukani. Bastola hiyo ni kubwa na nzito, wala haifichiki chini ya shati. Sasa anakusudia kuomba kibali cha bastola ya pili, ndogo, ya kufunga kwenye kifundo cha mguu au kutia mfukoni, ili iwe akiba endapo ile ya kwanza itamkwama au atanyang'anywa. Akamalizia kwa kutuuliza: "Nichague ya aina gani?"

Tumeona si vyema kumjibu kwa faragha, maana swali hili haliko katika kichwa chake peke yake. Wapo wafanyabiashara wanaolifikiri, na wapo wakubwa wa ofisi wanaolifikiri pia, ingawa hao hawaandiki barua kwa mhariri. Kwa hiyo tunalijibu hapa, mbele ya wote, nasi tunaomba radhi mapema kwa kuwa jibu letu halitakuwa lile alilolitarajia.

Kwanza tuseme wazi kwamba hatumcheki ndugu yetu huyu wala hatumlaumu kwa hofu yake. Mtu anayepita njia ya pwani wakati wa magharibi, watu wote wakijua kwamba leo ndiyo siku ya malipo, ana haki ya kuogopa. Ulinzi wa mtu na mali yake ni katika mambo ya awali kabisa yanayofanya watu wakubali kutawaliwa. Pale ambapo raia mwema anafikia kuona kwamba hata bastola moja haimtoshi, vyombo vya dola havina budi kujiuliza vimekosea wapi. Hilo tutalirudia.

Lakini tuanze na lile alilouliza: achague ya aina gani? Desturi ya kubeba bastola ya pili iliyofichwa si yetu. Imestawi zaidi Marekani, ambako askari polisi wengi wamezoea kuvaa silaha kubwa kiunoni na nyingine ndogo kifundoni au kwapani. Mwaka 1950 kampuni ya Smith & Wesson ilitoa rivolva yake ndogo iliyoitwa Chiefs Special, yenye mtutu wa takriban sentimita 5 na nafasi ya risasi 5 tu za .38; jina lake lilitokana na wakuu wa polisi walioonyeshwa silaha hiyo ilipokuwa mpya. Mwaka 2008 kampuni ya Ruger ikatoa bastola yake ya LCP, isiyofikia gramu 300 ikiwa haina risasi. Raia wa nchi ile waliziiga desturi za polisi wao, na leo muuzaji wa silaha wa huko atakueleza bila kusita sifa tatu za bastola ya akiba: iwe nyepesi, iwe nyembamba, na ifyatuke pale unapoihitaji.

Maneno hayo ni matamu masikioni, ila muuzaji hamalizii habari. Kila sifa inayoifanya bastola ndogo ifichike ndiyo hiyo hiyo inayoifanya iwe silaha duni mkononi mwa mtu asiye na mazoezi. Chukua jambo la shabaha. Katika bastola kubwa, nafasi iliyopo kati ya kilengeo cha nyuma na kile cha mbele yaweza kufika sentimita 20; katika ile ndogo yaweza kuwa sentimita 10 tu. Mkono ukitikisika hata kilengeo kikahama kwa milimita moja, risasi ya bastola kubwa itakosea kwa sentimita 5 umbali wa mita 10, na ile ya bastola ndogo itakosea kwa sentimita 10. Hiyo ni milimita moja tu. Mtu aliyevamiwa usiku, moyo ukimdunda na jasho likimtoka, hatikisiki kwa milimita moja.

Chukua pia uzito. Silaha nyepesi hupiga teke kali zaidi kwa risasi ile ile, kwa kuwa haina uzito wa kulimeza teke hilo. Ndiyo maana wengi wanaozinunua hufanya mazoezi mara moja, mkono ukawauma, wasirudie tena. Matokeo yake ni kwamba silaha iliyo ngumu kuliko zote kuitumia humilikiwa na mtu aliyeizoea kidogo kuliko zote. Fauka ya hayo, bastola inayokaa mfukoni au kifundoni hunywa jasho na kukusanya vumbi na nyuzi za nguo. Hapa kwetu huongezeka chumvi ya bahari, ambayo haisamehi chuma. Kila mvuvi anajua hali ya kisu kisichofutwa kwa siku tatu. Mtu asiyeifungua na kuisafisha bastola yake ya akiba atakuta siku ya dhiki kwamba amebeba kipande cha chuma kilichoshika kutu.

Liko na jambo la tatu, ambalo ndilo zito. Bastola iliyofichwa mwilini haifungiwi sandukuni. Hulala pale mwenyewe anapovua suruali: kitini, chini ya mto, juu ya kabati ambalo mtoto wa miaka 6 hulipanda kwa kuweka kigoda. Bastola nyingi za aina ya magazini zina hila moja ambayo imewaua watu wengi wasio na hatia. Mtu huchomoa magazini, akadhani silaha imekuwa tupu, kumbe risasi moja imebaki ndani ya mtutu. Akaichezea, akacheka, ikalia. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, kwa maana wembe humkata yeye mwenyewe naye akajifunza. Bastola haina mafunzo ya namna hiyo. Mara nyingi humkata mwingine, tena mara moja tu.

Hatusemi haya kwa kubahatisha. Huko Marekani, ambako raia wana bastola nyingi kuliko popote, hesabu za serikali yao zilionyesha kwamba mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi. Katika hao, 26,328, yaani zaidi ya nusu, walijiua wenyewe. Hawakuuawa na majambazi waliowaogopa. Mwaka 2020 wataalamu walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika jimbo la California kwa kufuatilia watu zaidi ya milioni 26. Walikuta kwamba wanaume wenye bastola walijiua kwa risasi kwa kiwango cha takriban mara 8 kuliko wanaume wasio nazo, na kwa wanawake kiwango hicho kilifika takriban mara 35. Mtu hununua silaha akimfikiria adui aliye njiani, kumbe saa ya hatari inamngoja chumbani, siku ya deni, siku ya talaka, siku ya huzuni isiyosemeka. Huzuni hupita, na aliyepona huishi akashukuru. Risasi haimwachi mtu afike kesho yake.

Sasa tuwageukie wakubwa wetu, maana jambo hili linawagusa wao kuliko wanavyodhani. Historia ya bastola ndogo ni historia ya viongozi waliouawa. Hapo Aprili 14, 1865, Rais Abraham Lincoln wa Marekani alipigwa risasi akiwa ameketi katika jumba la michezo mjini Washington, kwa bastola ndogo yenye risasi moja iliyotengenezwa na Henry Deringer wa Philadelphia, silaha inayomezwa na kiganja. Akafa asubuhi iliyofuata. Septemba 6, 1901, Rais William McKinley alikuwa akipeana mikono na wananchi katika maonyesho mjini Buffalo. Mtu mmoja alimjia akiwa amefunika mkono kwa leso, na ndani ya leso ilikuwamo rivolva. McKinley akafa siku nane baadaye. Juni 1968 Seneta Robert Kennedy aliuawa Los Angeles kwa rivolva ndogo ya .22. Na hapa Afrika Mashariki, Julai 5, 1969, Tom Mboya alipigwa risasi mchana mjini Nairobi alipokuwa akitoka duka la dawa. Visiwa hivi navyo vina msiba wao wa Aprili 7, 1972, pale Kisiwandui, nao hauhitaji kusimuliwa na gazeti. Watu wa hapa wanajua jinsi nchi inavyotikisika mtu mwenye silaha anapowafikia viongozi.

Wamarekani walijaribu kujifunza kutokana na misiba yao. Jimbo la New York lilitunga sheria mwaka 1911 ya kuwalazimisha watu kupata kibali kabla ya kumiliki silaha inayofichika. Baada ya mauaji ya mwaka 1968 likatungwa katazo la kuingiza nchini bastola ndogo za bei rahisi. Lakini waliufunga mlango wa mbele wakaacha wazi ule wa uani, kwani vipande vya bastola hizo viliendelea kuingia, vikaunganishwa huko huko Marekani. Machi 30, 1981, Rais Ronald Reagan na watu wengine watatu walipigwa risasi mjini Washington, na bastola iliyotumika ilikuwa ya aina hiyo hiyo, ndogo, ya .22, iliyounganishwa Miami kwa vipande kutoka Ujerumani. Sheria iliyotungwa nusu haina faida kubwa kuliko wavu wenye tundu.

Wako waliotunga sheria nzima. Machi 13, 1996, katika skuli moja ya mji wa Dunblane, Scotland, mtu mmoja aliua watoto 16 na mwalimu wao. Bastola alizokuwa nazo alizimiliki kihalali, kwa vyeti vya polisi. Wazazi wa watoto wale hawakukubali kuambiwa kwamba hiyo ni ajali. Kufikia mwisho wa mwaka 1997 bastola takriban zote zilikuwa zimepigwa marufuku mikononi mwa raia wa Uingereza, isipokuwa Ireland ya Kaskazini, na sheria ikapima kwa rula: silaha yoyote yenye mtutu usiofika sentimita 30, au yenye urefu wote usiofika sentimita 60, haimilikiwi isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Australia nayo, baada ya wanafunzi wawili kuuawa katika Chuo Kikuu cha Monash mwezi Oktoba 2002, ilikubaliana na majimbo yake kuzizuia kwa wanamichezo wa shabaha bastola za magazini zenye mtutu chini ya milimita 120 na rivolva zenye mtutu chini ya milimita 100. Mwaka 1997 Waingereza walifunga karibu bastola zote, na mwaka 2003 Waaustralia walizinunua na kuziharibu zile fupi. Mataifa yote mawili yalikubaliana juu ya jambo moja, kwamba ufupi wa silaha si urembo. Silaha fupi ni silaha ya siri, na silaha ya siri inahitaji sheria yake.

Nchi zetu nazo hazikulala. Aprili 21, 2004, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo, zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi juu ya silaha ndogo na nyepesi, nayo ikaanza kutumika mwaka 2006. Itifaki hiyo inataka silaha zote zitiwe alama, ziandikishwe katika daftari la taifa, na umiliki wa raia uwe chini ya udhibiti. Mwaka 2015 Bunge la Tanzania likapitisha sheria mpya ya udhibiti wa silaha na risasi. Karatasi tunazo. Tunachouliza ni kama ofisa anayepokea ombi la bastola ya pili huuliza maswali yanayostahili, au humtazama mwombaji usoni, akatambua jina la ukoo na ukubwa wa gari, kisha akagonga muhuri.

Kwa heshima zote, tunapendekeza mambo manne. La kwanza, mtu mwenye kibali cha silaha moja asipewe ya pili kwa hoja ya "akiba" peke yake. Ikiwa ya kwanza haifai, airudishe, apewe inayofaa. Mbili si ulinzi mara mbili, bali ni mianya miwili ya kuibiwa. La pili, silaha fupi itazamwe kwa jicho jingine. Mwombaji wake aeleze kwa nini inambidi aifiche, na apimwe uwanjani kwa silaha ile ile atakayobeba, si kwa bunduki ndefu ya kukopeshwa. La tatu, ofisa wa polisi afuatane na sheha nyumbani kwa mwombaji, waone kwa macho sanduku la chuma lenye kufuli, lililofungwa ukutani, kabla ya kibali kutoka na tena kila kinapotakiwa kufanywa upya. La nne, anapofariki mwenye silaha, isiachwe ikarithiwa kama saa ya mkono, bali irejeshwe kituoni, na daftari lionyeshe imekwenda wapi.

Na liko la tano, ambalo halihitaji sheria mpya ila haya. Kuna waheshimiwa wanaopenda kuonekana na bastola. Shati hupandishwa kidogo wakati wa kukaa, kitako cha silaha kikachungulia, vijana wakanong'ona. Huo si ulinzi. Kiongozi anayekwenda harusini na bastola kiunoni anawafundisha watu wake kwamba heshima hupimwa kwa chuma, nao watafundishika upesi. Kama kazi yake ina hatari ya kweli, dola ina walinzi waliofunzwa. Kama haina, silaha hiyo ni pambo, na pambo la kuua halina nafasi mbele ya watoto wa watu.

Tunajua tutajibiwa kwamba jambazi hatoi taarifa wala haombi kibali, na kwamba kumnyima raia mwema silaha ni kumfunga mikono. Hoja hii ina uzito, nasi hatuidharau. Lakini tumjibu kwa tukio la Agosti 25, 2021, mjini Dar es Salaam, karibu na ubalozi wa Ufaransa. Mtu mmoja aliyeanza na bastola aliwashambulia askari polisi, akazitwaa bunduki zao, na kabla hajauawa walikwisha kufa polisi watatu na mlinzi mmoja. Waliokufa hawakuwa watu wasio na silaha. Walikuwa askari wenye bunduki kubwa, waliofunzwa, waliokuwa kazini, na bado bastola iliyofika ghafla iliwawahi, na silaha zao zikageuka kuwa za adui. Ikiwa imekuwa hivyo kwa askari, sembuse mnunuzi wa mwani atakayehitaji kuinama, kupandisha suruali na kufungua ala ya ngozi ilhali panga liko juu ya kichwa chake? Atakayeivua silaha ile kifundoni, uwezekano mkubwa, ni yule aliyemwangusha. Na usiku huo kijiji kitakuwa kimepata jambazi mwenye bastola, ambaye asubuhi alikuwa jambazi mwenye panga tu.

Basi tumshauri nini ndugu yetu? Tunamwambia kwanza ajihadhari na kile anachokibeba kabla ya kujihadhari na wanaomtazama. Kinachomfanya awindwe ni fedha taslimu. Siku hizi akina mama wa mwani wana simu kibindoni, na malipo yaweza kwenda kwa simu mbele ya macho yao, mzani ukiwa bado unaning'inia. Asiyetaka kulipwa kwa simu aweza kulipwa katika siku isiyotangazwa, kwa watu wawili wanaofuatana, jua likiwa juu. Abadilishe njia na saa. Afike kwa sheha kabla ya kufika pwani. Na ile bastola ya dukani, kama kweli anaihitaji, aifungie sandukuni, ufunguo awe nao mwenyewe, risasi azitenge mbali nayo, na ajifunze kuikagua mtutu kila anapoishika, hata akiwa na yakini kwamba ni tupu.

Kwa upande wa Serikali, tunarudia lile tuliloahidi kulirudia. Mtu huyu asingeandika barua ile kama angeona askari wa doria katika pwani anazopita siku za malipo. Siku hizo zinajulikana, na pwani zenyewe zinahesabika. Askari wawili na chombo kimoja cha kupita vijijini msimu wa mwani vitawalinda watu wengi zaidi kuliko vibali mia vya bastola, na havitamwachia mjane yeyote silaha kabatini. Kumpa raia kibali ni rahisi kuliko kumpa ulinzi, lakini wajibu wa Serikali ni ule mgumu.

Ndugu msomaji, uliuliza uchague ya aina gani. Wazee wetu walikwisha kukujibu zamani, kabla hazijatengenezwa bastola za kuingia mfukoni: kikulacho ki nguoni mwako. Jambazi yuko njiani, na huenda usikutane naye maisha yako yote. Kile ulichokifunga kifundoni utarudi nacho nyumbani kila siku, ulale nacho na watoto wako. Tunakuomba usichague yoyote.